Marejeleo yangu yalivyonipandisha hadi asilimia 41

Tasnifu yangu ya uzamili inahusu msamiati wa mashamba ya mkonge hapa Tanga: manamba (vibarua wa mkataba), singa (nyuzi za mkonge), korona (mashine ya kuchakata majani yake) na mengineyo. Kabla ya kuikabidhi niliipeleka steshenari moja Ngamiani, kuna kijana ana akaunti ya programu ya kukagua wizi wa maandishi. Shilingi 15,000 kwa mara moja. Ripoti ikatoka na 41, yaani asilimia 41 ya maandishi yangu yanafanana na ya wengine, na yote yamepakwa rangi. Idara yetu haipokei zaidi ya 25.

"Dada, hii uandike upya tu," akaniambia, kama anayesoma majibu ya hospitali.

Sikuondoka. Nikaifungua ripoti ukurasa kwa ukurasa. Kurasa za mwisho, zenye orodha ya vitabu, zilikuwa nyekundu tupu. Zitakosaje? Jina la kitabu, mwaka na mchapishaji huandikwa vilevile na kila anayekitaja. Kijana alikuwa ameshaweka tiki ya kuondoa marejeleo, lakini programu ile huitambua orodha kwa kichwa chake, na mimi niliandika "Marejeleo". Kwenye nakala ya kukagulia tukaweka "References", tukapakia tena: 27. Neno moja! Tasnifu ya Kiswahili, ya idara ya Kiswahili, na bado orodha haionekani mpaka ivishwe Kiingereza. Hilo liliniudhi kuliko pesa.

Nukuu nazo zina vituko. Zenye alama mbili mbili iliziacha. Zenye alama moja moja ikazihesabu. Nukuu ndefu, zile tunazosogeza ndani bila alama, zilibaki nyekundu kwenye PDF, nilipoleta faili la Word zikaondoka. Nikashuka hadi 19. (Kwa mtindo huo, mjanja akifunga sura nzima ndani ya alama za nukuu atapata sifuri.)

Ila kuna mahali ilinikamata kwa haki. Historia ya mkonge wetu kila mtu huianza na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani: mwaka 1893 aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, 62 tu ikafika hai. Sentensi hiyo ilipakwa rangi za vyanzo vinne, na haikunisumbua, maana habari hiyo haina mwenyewe. Sentensi tatu zilizofuata ndizo zilizonitoa jasho. Zilikuwa za mwandishi mmoja, neno kwa neno. Nilitaja jina lake na mwaka, nikadhani yameisha, alama za nukuu sikuweka. Nimeziandika upya usiku uleule.

Programu naipa nyota tatu kati ya tano, kwa hizo sentensi tatu. Ukienda, mwambie anayekupakilia asiihifadhi kazi yako kwenye hazina ya programu, inakolinganishiwa kazi zinazofuata. Mwenzangu hakuuliza. Alipoikabidhi rasmi chuoni ikasoma karibu 100, chanzo ni yeye mwenyewe, na mpaka leo anaandika barua za kujieleza.