Ndoano za boksi au za kopo? Kagua kipete kwanza

Mnaniuliza kama ndoano ya ghali ya boksi inalipa kuliko ya kopo isiyo na jina. Mwezi uliopita mjomba wangu, ambaye ndiye nahodha wa ngalawa yangu, alirudi hapa Msangamkuu, Mtwara, alfajiri na mshipi wa kuvulia mtupu. Alishika chewa mkubwa, akavutana naye mpaka akauona mgongo wake chini ya chombo, halafu ghafla mkono ukawa mwepesi. Nikasema labda mshipi umekatwa na mwamba. Hakubisha, alininyooshea ile ncha tu.

"Mwanangu, itazame vizuri. Hii imekatika?"

Haikukatika. Mshipi uliosagwa na mwamba huwa umechakaa, ukiupitisha kati ya vidole unakwaruza. Uliokatwa na meno una ncha safi. Huu ulikuwa mzima kabisa, ila ncha yake imejikunja kama mkia wa kinyonga. Nailoni ikijikunja hivyo ujue fundo limechomoka. Ndoano, niliyoinunua kwa pesa yangu mimi mwenyewe, ilimwachia samaki.

Tangu siku hiyo nimeuliza wavuvi wa hapa na wa Mikindani, na wengi wana kisa kama hicho, ila wao walilaumu fundo au walilaumu nailoni. Ndiyo maana naandika. Kuhusu ukali wa ncha sitasema mengi, kila mvuvi ana tupa ya kunolea na kila mvuvi anajua kuiburuza ndoano juu ya ukucha aone kama inashika. Nataka tuzungumzie kipete.

Kipete ni ile pete ndogo juu ya ndoano unapofungia mshipi. Kiwandani hutengenezwa kwa kuukunja waya wa ndoano mpaka ncha yake irudi iguse shina. Ndoano nzuri, ncha hiyo inagusa kabisa na imelainishwa. Ndoano mbaya, inaishia njiani na kuacha mwanya. Ukiitazama dukani kwa haraka huuoni. Lakini fundo likivutwa kwa nguvu, hasa wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana na kwenda kasi, na chubwi la kuzamishia mshipi ni zito, linazunguka polepole kwenye kipete mpaka linaufikia ule mwanya. Nailoni nyembamba inapenya na kutoka. Nailoni nene haipenyi, inakaa juu ya ile ncha kali ya waya na kuliwa kidogo kidogo kila samaki anapotikisa kichwa. Kwa vyovyote vile samaki kaondoka.

Kwa hiyo ukienda dukani beba kipande cha nailoni nyembamba kabisa, ile ya kuvulia tasi. Kipitishe kwenye kipete, kivute huku unakizungusha taratibu. Kikipenya mwanyani, rudisha ndoano. Kisha chukua pamba kidogo, pangusa kipete ndani na nje. Nyuzi za pamba zikibaki zimenasa, pana makali pale, na makali hayo yatakata mshipi hata kama mwanya haupo. Kazi yote hii haifiki nusu dakika kwa ndoano moja.

Sasa zipi za kununua? Mimi ni mtu wa Mustad na sifichi. Ni kampuni ya Norwe iliyoanza kutengeneza ndoano mwaka 1877, na kwa uvuvi wetu wa mshipi sijaona inayoizidi. Chukua zilizopakwa bati, zile zenye herufi DT mwishoni mwa namba ya aina. Bati linachelewesha kutu, haliizuii, kwa hiyo bado utazisuuza kwa maji yasiyo na chumvi na kuzipaka mafuta ya nazi. Zinauzwa kwa boksi la ndoano 100. La mwisho nililonunua nililimwaga juu ya sinia, nikazipitia moja moja kwa tochi ya simu, na nailoni haikupenya popote. Waya wake ni mnene wa kutosha kwa chewa na kolekole.

VMC ya Ufaransa ningeiweka ya pili bila kusita, tatizo ni kuipata huku kwetu.

Za Kijapani, Gamakatsu na Owner, kipete chake ni kizuri mno, ukikipangusa kwa pamba hakishiki kitu. Ila bei yake ni ya mtu anayevua kwa starehe. Halafu ncha zake hunolewa kwa dawa kiwandani, zikishagonga mwamba tupa haizirudishi kwenye ukali ule wa mwanzo, na sisi tunavua mwambani kila siku. Kama una ndugu wa kukutumia, pokea ushukuru.

Za stenlesi hapana. Wanazisifia kwamba hazishiki kutu, lakini samaki akiondoka nayo atakaa nayo mdomoni muda mrefu, wakati ile ya chuma cha kawaida huliwa na chumvi.

Za kopo zisizo na jina zinatosha kwa tasi na changu wadogo wa karibu na pwani. Basi.

Na sasa wauzaji. Yupo mmoja, simtaji, ana boksi zuri la Mustad juu ya kaunta, limefunguliwa, anauza moja moja. Ndani kachanganya na za kopo! Ndizo hizo nilizomnunulia mjomba, kwa bei ya za boksi, karibu mara tatu ya za kopo. Nilipobakiza 17 nilizikagua zote, sita zilikuwa na mwanya. Nikamrudishia. Akanijibu, "Dada, ndoano ni ndoano." Nilipotoa nailoni yangu nimwonyeshe, akaniuliza kama nimekuja kununua au kucheza. Mimi nalipa chambo cha ngisi, nalipa barafu, watu wanne wanakesha baharini, kisha usiku mzima unapotea kwa kitu cha bei ndogo kuliko vyote chomboni. Na bei zenyewe, pesa ya korosho ikianza kuingia mkononi mwa watu, kila kitu dukani kinapanda, ndoano nazo zinapanda, kana kwamba samaki nao wameuza korosho mnadani.

Swali mnaloniuliza ni kama ndoano ya ghali inalipa. Kwa samaki wa mwambani inalipa, ukiwa na hakika kwamba ulichopewa ndicho ulicholipia. Mimi sasa nanunua boksi lililofungwa tu. Nalifungua palepale mbele ya muuzaji, nachukua ndoano kumi bila kuchagua, natoa nailoni mkobani na kuanza kuzungusha. Asiyetaka nifanye hivyo, namwachia boksi lake kaunta.