Mashine ya polishi ya laki moja na tisini: nilichokiona kwenye Premio yangu nyeusi

Aliyewahi kuwa na gari jeusi nusu ya hadithi hii anaijua. Asubuhi, likishaoshwa, unajiona usoni mlangoni. Saa nane mchana jua la Shangani likipiga boneti, unaona utando wa buibui: vimikwaruzo vyembamba, vinavyozunguka pale mwanga unapogonga. Sehemu kubwa ya vimikwaruzo hivyo niliilipia mwenyewe. Miaka mitatu nilikuwa nawapelekea gari vijana wa kuosha, na kitambaa kilichofuta rimu ndicho hichohicho kilichopanda milangoni pamoja na mchanga wake. Nami nimekaa kwenye benchi nakunywa soda.

Halafu kuna Mtwara yenyewe. Upepo wa bahari huleta chumvi usiku kucha. Ukipita barabara ya bandarini wakati malori ya makaa ya mawe yanashuka kutoka Ruvuma, unarudi na vumbi jeusi. Nikienda Nanguruwe wakati wa kupulizia mikorosho, unga wa salfa unatua hadi ndani ya vioo. Na nyumbani gari linalala chini ya mkorosho, kivuli pekee nilichonacho. Bibo likipasukia kwenye boneti ukaliacha siku mbili juani, doa lake halitoki kwa sabuni.

Nilianza kwa mkono, kwa sababu ya bei. Kopo la kompaundi, ile krimu ya kusugulia mikwaruzo ya rangi, khanga kuukuu, Jumamosi mbili. Jumamosi ya kwanza nilimaliza boneti na bega likaniuma hadi Jumatatu. Iling'aa kweli, nikapiga picha nikamtumia dada yangu Lindi. Baada ya kuosha mara tatu utando ukarudi kama ulivyokuwa. Nilidhani nimekwaruza upya. Mzee jirani, aliyepiga rangi magari maisha yake yote, akanicheka. Akaniambia nichukue spiriti ya duka la dawa, nichanganye na maji nusu kwa nusu, nifute pale nilipopiga polishi. Nikafuta, na mikwaruzo yote ikajitokeza mbele ya macho yangu. Kompaundi ile ilikuwa na mafuta yaliyojaza mikwaruzo, haikuiondoa. Tangu siku hiyo siamini mng'ao wowote kabla sijaufuta kwa spiriti.

Sisemi mkono haufai. Kwa doa moja la bibo, kwa sehemu nyembamba karibu na vitasa, kwa kupaka nta, mkono ndio wenyewe. Ila boneti nzima ya gari jeusi kwa mkono ni kibarua, na matokeo yake hayalingani na jasho.

Wazo langu la pili lilikuwa baya zaidi. Mdogo wangu ana grainda, nikataka kuifunga sponji. Mzee akanizuia. "Mwanangu, hiyo ni ya kukatia vyuma." Grainda ya kawaida huzunguka mara elfu 11 hivi kwa dakika, wakati mashine za polishi zinazozunguka moja kwa moja hufanya kazi kati ya mia sita na elfu tatu. Hata hizo, akizishika asiyezoea, zinachoma rangi kwenye kona, kwa sababu joto lote linabaki sehemu moja. Na kinachochomeka ni klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi. Kwenye magari mengi ya kiwandani lina unene wa takribani maikroni 40 hadi 50, jembamba kuliko unywele. Ukilimaliza hakuna polishi itakayolirudisha, ni kupiga rangi upya.

Kwa hiyo nikaagiza Kariakoo ile aina inayozunguka huku ikitikisika. Muuzaji alinisukumia nyingine kwenye simu, "Dada, chukua hii, ina nguvu zaidi," nikakataa. Ikaja na basi, laki moja na tisini, ndani ya boksi kuna sponji tatu. Uzuri wa aina hii ni kwamba ukiikandamiza sana inaacha kuzunguka, inabaki kutikisika tu, kwa hiyo hata ukikosea haichomi haraka. Ubaya wake ni huohuo: unaweza kuikandamiza dakika kumi ukidhani unafanya kazi, kumbe sponji imesimama. Nilichora mstari wa kalamu nyeusi pembeni ya sahani inayoshika sponji. Nikiona mstari unazunguka, najua kazi inaendelea.

Maandalizi yalinichukua muda kuliko polishi. Ukishaosha, vaa mfuko wa kufungia mkate mkononi, pitisha vidole kwenye boneti taratibu. Mimi niliona kama nagusa msasa. Hayo ni mavumbi ya chuma na uchafu ulioganda kwenye rangi, na sabuni haiugusi. Unautoa kwa udongo maalumu unaofanana na plastisini, unautelezesha juu ya maji ya sabuni, na ukidondoka chini ardhini usiuokote, tupa. Wangu ulidondoka. Nilisita, ulikuwa wa bei, kisha nikaukata nusu nikatupa upande ulioshika mchanga. Mzee alisema nimefanya ujinga, ningetupa wote. Alikuwa sahihi, nusu ile niliishia kuitumia kwenye rimu tu.

Kisha selotepu ya karatasi kwenye plastiki na mipira ya milango. Siku ya kwanza niliona hilo ni madoido nikaruka. Kompaundi nyeupe ikakauka kwenye plastiki nyeusi chini ya vioo, nikatumia jioni nzima kuikwangua kwa mswaki wa zamani.

Kazi yenyewe nilijaribu kwanza kwenye kipande kimoja cha buti, kama nusu mita kwa nusu mita, nilichokitenga kwa selotepu, na sponji laini na polishi isiyo kali. Haikutosha, nikapanda hadi sponji ngumu kidogo. Matone manne ya polishi, mwendo namba moja kuyasambaza, halafu namba nne au tano. Unakwenda polepole, mlalo kisha wima, kila mstari ukipanda nusu ya uliopita, mara nne hadi sita. Futa, spiriti, angalia kwa tochi ya simu. Pale kwenye buti ndipo nilipoona pesa yangu. Upande wa kulia wa selotepu utando wa buibui, upande wa kushoto weusi mtupu kama kisima usiku. Mikwaruzo mirefu, ile ambayo ukucha unanasa, ilibaki. Hiyo siigusi, kuiondoa ni kula klia yote.

Jua ndilo lililonitesa. Nilianza saa nne asubuhi, nikidhani kivuli cha mkorosho kinatosha. Bati lilikuwa la moto, polishi ikakauka kabla sijamaliza mara mbili, ikawa unga unaokwaruza. Sasa nafanya kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili na nusu, nikiwa na taa, au jioni baada ya alasiri bati likishapoa. Na umeme. Mara mbili ulikatika katikati ya mlango. Nilifuta polishi ikiwa mbichi, nikaenda kupika.

Lawama zangu kwa mashine. Waya wake ni mfupi kama wa pasi, bila ekstensheni huzunguki gari. Baada ya saa moja mikono inakufa ganzi, ukishika kikombe cha chai kinatetema. Sponji mbili kati ya tatu za kwenye boksi zilibanduka, gundi ya velkro iliyeyuka kwa joto, moja ikaruka hadi kwa kuku. Sponji za kununua pembeni, elfu nane moja, zimekaa vizuri zaidi. Kama unaagiza, agiza na sponji za ziada siku hiyohiyo.

Taa za mbele zilizokuwa za njano nilizifanya pia: msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, kisha mashine. Zikawa kama kioo. Baada ya miezi mitatu zikaanza kufifia, maana ile kinga ya jua ya kiwandani imeshaondoka, na nta haikai kwenye taa. Dawa ya meno? Nilijaribu. Inang'arisha wiki moja, gari linanuka kinywa.

Juu ya polishi nilipaka nta kwa mkono. Mvua ya kwanza maji yalikusanyika kama shanga yakatiririka. Shanga hizo zilidumu kama wiki nane hapa kwetu. Naosha mwenyewe sasa, ndoo mbili, moja ya sabuni moja ya kusuuza, na situmii tena sabuni ya unga ya kufulia, inaondoa nta. Nafuta maji palepale kabla hayajakauka, kwa sababu maji yetu ya kisima yanaacha madoa meupe.

Mzee naye alileta Corolla yake nyeupe ya zamani nimjaribie. Dakika ya kwanza sponji ikawa nyeupe pee, nikazima mashine nikidhani nimelichubua. Akacheka hadi akakohoa. Gari lake halina klia, rangi ndiyo ya juu kabisa, lazima itoke kidogo. Tukamaliza ubavu mmoja, ule ukapendeza, wa pili akasema nisiupige, anautaka uchakavu wake.

Paa la Premio bado sijaligusa. Sponji nilizoagiza ziko kwenye basi la kesho.