Silva Race S Jet, dira ya kidole gumba: kama unakimbia orientiringi kutafuta muda, nunua

Wakuu, hii naandika kwa wale mnaoshindana kweli kwenye orientiringi, ule mchezo wa kukimbia kutafuta vituo kwa ramani na dira, mnaoamka asubuhi kupiga intavo (mbio kali za vipande vipande) halafu jioni mnaingia msituni na ramani, sio kwa anayetafuta dira ya matembezi ya Jumapili. Huku Sweden ninakokimbia na klabu, kila duka la michezo lina dira za kila aina na bei zinapishana sana, kwa hiyo nieleze kwa nini mimi nipo kwenye hii na sibanduki.

Kwanza kuna kitu watu wengi wakiingia kwenye huu mchezo hawakijui. Kwenye mashindano ya shirikisho la dunia, IOF, vya kukuonyesha njia ni ramani uliyopewa na waandaaji, maelezo ya vituo, na dira, basi. Saa ya GPS unaweza kuivaa ikurekodie mbio zako ila isikuonyeshe ramani. Na ramani yenyewe unaishika muda wako ukishaanza kuhesabiwa, wewe na washindani wako wa daraja lako mna karatasi ileile. Maana yake kifaa cha njia unachochagua na kukinunua mwenyewe ni kimoja tu, dira, sasa mtu anatoa hela ndefu ya viatu vyenye meno ya chuma halafu kwenye dira anachukua ya bei poa kabisa, hapo simwelewi aisee.

Hii inavaliwa kidole gumba cha kushoto (ipo na ya mkono wa kulia), kuna kamba ya mpira inakaza, inalala juu ya ramani na ncha yake unaiweka pale ulipo, ukisogea na yenyewe unaisogeza. Mkono mwingine uko huru kusukuma matawi na kupiga chipu kituoni, ile ya kidoleni inayorekodi kwamba umefika. Ramani za orientiringi zimeshachorwa mistari ya kaskazini ya sumaku, ile ya msituni kati ya mstari na mstari ni mita 300 ardhini, kwa hiyo hakuna kujumlisha wala kutoa digrii, unageuka tu mpaka mshale ulale sambamba na mistari halafu ukiinua macho kilichoko mbele yako ndicho kilichoko mbele kwenye ramani. Rahisi hivyo. Shida ni kwamba kwenye dira ya kawaida mshale unacheza cheza ukiwa unakimbia, inabidi upunguze mwendo usubiri utulie au ukisie, na kukisia kwenye msitu wenye mawe elfu yanayofanana ndio mwanzo wa kupotea.

Hela yako kwenye Race S Jet inaenda kwenye huo mshale. Unatulia karibu papo hapo, na kikubwa zaidi kwangu ni kwamba unabaki umetulia huku miguu inaruka mizizi na mawe. Yaani natupia jicho mara moja, nimeona, naendelea, mwendo haujabadilika. Piga hesabu mwenyewe: middle, yaani mbio za umbali wa kati, mshindi anamaliza kwenye dakika 30 hadi 35, tuseme njia ina vituo 20, ukipoteza sekunde tatu tu kila unapotoka kituoni kusubiri mshale, hiyo ni dakika nzima, na dakika nzima kwenye middle ni nafasi nyingi mno. Watu wanahangaika mwaka mzima kwenye uwanja wapunguze dakika moja kwa mapafu!

Inapong'ara kabisa ni usiku. Anayejiandaa na Tiomila ya hapa Sweden, ile ya kupokezana watu kumi, au Jukola ya Finland inayoanza saa tano usiku watu saba wanapokezana, anajua ninachosema. Taa ya kichwani inakuonyesha kipande kidogo tu mbele yako, kilima cha pembeni hukioni, kinamasi unakijua kikishakulowesha, kwa hiyo mwelekeo ndio kila kitu. Hivyo hivyo kwenye kijani, yaani pale ramani ilipopakwa kijani kuonyesha vichaka vizito, kila ukikwepa tawi mwili unageuka kidogo bila kujua na ukitokea upande wa pili unaangalia kwingine kabisa. Hapo mshale uliotulia unakurudisha kwenye mstari kabla hujaenda mbali. Sprint za mjini, zile mbio fupi kati ya majengo, ramani 1:4000 (sentimita moja ni mita 40), tofauti ipo ila ndogo, kuta na kona za majengo zinakuongoza vya kutosha, kama unakimbia sprint tupu sioni haraka ya kubadilisha.

Bei ni kali, sifichi. Na ni kidude kidogo kilichotengenezwa kwa mtu anayesoma ramani huku anakimbia, mpanda mlima anayetaka kupima digrii kwa utulivu dira ndefu ya bapa, ile yenye kibao cha plastiki cha kulaza juu ya ramani, itamfaa zaidi na atalipa kidogo. Mtoto anayeanza pia, mpe ya bapa kwanza ajifunze kushika mwelekeo polepole. Hawa Silva wenyewe, kampuni inayoitengeneza, kwenye dira ya bapa ndiko walikoanzia, ndugu watatu wa ukoo wa Kjellström mwaka 1933, watu wa orientiringi wenyewe.

Sasa ndugu zangu wa nyumbani mnaotaka kuagiza, hapa someni vizuri. Sumaku ya dunia haivuti mshale kuelekea kaskazini tu, inauinamisha pia. Huku Ulaya ya kaskazini ncha ya kaskazini inavutwa chini kwa nguvu, kwa hiyo kiwandani wanausawazisha mshale kufuata kanda. Kenya na Tanzania ziko kusini ya ikweta ya sumaku, ambayo inapita juu kabisa kupitia Ethiopia, kwa hiyo huko nyumbani mvuto unainamisha ncha ya upande wa pili, ya kusini. Dira iliyosawazishwa kwa ajili ya Sweden ukiifikisha Arusha au Nairobi mshale unaweza kulala upande na kugusa kioo, hata dira iwe nzuri vipi mshale unakuwa mzito kuzunguka. Kwa hiyo kabla hujalipa muulize muuzaji imesawazishwa kwa kanda ipi, na ukimtuma mtu akuletee kutoka Ulaya mwambie hilo wazi asije akabeba ya kwanza anayoiona rafuni.

Ikishafika, isikae mfuko mmoja na simu wala karibu na spika. Sumaku ya hivyo vitu inaweza kuugeuza mshale kabisa nyekundu ikaonyesha kusini, na utakuja kugundua ukiwa umeshatoka kwenye pembetatu ya kuanzia, alama ya mwanzo kwenye ramani. Mimi yangu naiweka kwenye begi la viatu, mbali na chaja na kila kitu cha umeme, na asubuhi ya mbio naishika pembeni ya dira ya mwenzangu kuona kama zinakubaliana.