Spidi ya toleo jipya sikatai, ila tarehe zangu mmezifanya nini?

Jamani naandika bado nina hasira, mnivumilie. Hii programu ya kuchambua data tunayoilipia pale saccos, wenye nayo mtaijua, juzi kati ilileta toleo jipya, sifa zikawa nyingi, eti ina kasi na sasa inapokea faili la aina yoyote bila kusumbua. Kasi kweli ipo. Miamala yetu ya miaka yote imepita mistari milioni na ushee, Excel ilishatukataa maana mwisho wake ni 1,048,576, na toleo la zamani ulikuwa unabonyeza, unaenda kununua chapati, unarudi bado linazunguka. Sasa hivi chai haijapoa ripoti ipo, kwa sababu inasoma kolamu unazozitaka tu, haibebi faili zima. Nilifurahi mpaka nikamwita mlinzi aje aone.

Halafu kikao. Mwenyekiti wetu, mama mtu mzima asiye na papara, akavua miwani: "Mwanangu, hawa waliorejesha mkopo Desemba ni kina nani? Maana mimi najua tupo Agosti."

Kumbe huko kupokea kila kitu ndiko kusoma tarehe Kimarekani, mwezi mbele siku nyuma. 12/8 yetu ikawa Desemba 8, na kuanzia 13/8, kwa kuwa mwezi wa 13 haupo, ikaacha patupu kimya kimya. Hakuna onyo wala nini, grafu imechorwa ikapendeza na ni uongo mtupu.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, nikasubiri weee, akaja kaka mmoja hata salamu hana: "Hiyo ipo kwenye maelezo ya toleo, ungesoma." Akafunga chati. Ungesoma! Kurasa za Kiingereza haziishi, na habari ya tarehe imefichwa chini kabisa kama masharti ya mkopo wa kausha damu.

Nikasema basi, narudi toleo la zamani na chapati zangu. Dada wa uhasibu akaja, akaingia kwenye mipangilio, akatoa Marekani akaweka Tanzania, dakika mbili kila kitu kikakaa sawa, na kumbe hata kolamu moja moja unaweza kuipa mpangilio wake, jambo ambalo zamani tulilihangaikia kwa mkono usiku kucha. Hapo nikalegea. Ni programu nzuri, chukueni. Ila yule kaka, hapana, nyota moja naiondoa kwa ajili yake, au mbili.

Mwenyekiti mpaka leo tukikutana kwenye ngazi ananiuliza wa Desemba wamefika wangapi.