Mloganzila na goti la mama yangu

Nimemuuguza mama katika hospitali kadhaa za umma, kwa hiyo naandika nikiwa na cha kulinganisha. Goti lake la kushoto lilikwisha: gegedu, ule utando laini unaotenganisha mifupa, imelika, mfupa unasaga mfupa. Kila tulipokwenda aliambiwa ni uzee, akapewa vidonge vya maumivu, akarudi nyumbani. Hospitali moja, ambayo sitaitaja, ilituzungusha dirisha hadi dirisha na bahasha ya eksirei mkononi, na picha ilipopotea tukaambiwa tupige nyingine kwa hela yetu.

Hatimaye tukaandikiwa rufaa ya Mloganzila. Ni hospitali ya Dar es Salaam iliyo chini ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, imejengwa kwa mkopo wa Korea Kusini na kuzinduliwa rasmi Novemba 2017. Majengo ni mazuri kweli, lakini kilichonigusa zaidi ni kile kilichotokea baada ya eksirei. Nilisimama mlangoni nikisubiri picha niibebe. Dada wa pale akasema, "Nendeni tu kwa daktari, ataiona." Kweli tulimkuta nayo kwenye kompyuta. Akageuza kioo kumwelekea mama, akamwonyesha kwa kalamu: goti la kulia lina mwanya kati ya mifupa, la kushoto mwanya umefunga kabisa. Mama aliangalia kwa muda mrefu. "Kumbe ndicho kinachoniuma." Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Akabadilishiwa goti, kwa ganzi ya mgongo, bila nusu kaputi. Kesho yake tu akaja kijana wa mazoezi tiba na fremu ya kutembelea. Mama alilia kwa maumivu, na yule kijana hakumfokea. "Mama, hatua moja tu, halafu tunapumzika." Akakaa naye mpaka hatua hiyo ikapatikana. Wodini kuna vyoo vya kukaa na maji yanatoka. Aliyewahi kumchuchumalisha mgonjwa wa goti kwenye choo cha shimo anajua kwa nini nalitaja hili.

Mjiandae kwa umbali. Ukitokea mjini unafuata Barabara ya Morogoro hadi Kibamba, kisha unaingia ndani, na ndugu wa kumletea mgonjwa chakula wanatumia nauli na muda mwingi. Gharama nazo mzifuatilie mapema. Goti bandia ni ghali na vifurushi vya bima havifanani, hivyo ulizeni kaunta ya bima kabla ya kupangiwa tarehe, mkiwa na kadi na barua ya rufaa.

Mama sasa anapanda ngazi za kwa dada yangu akishika ukuta, na mazoezi yanaendelea. Kama una mzee nyumbani anayeambiwa kila siku kwamba goti ni umri tu, mwombe daktari amwandikie rufaa kabla mguu haujapinda.