Swichi ya boya niliyofunga kwenye kichupa cha rejeta, baada ya miezi saba

Wenye gari za zamani hii inawahusu. Mimi nina Corolla 110 ya 1998, injini 5A, na mwaka juzi ilichemsha napandisha Kitonga mpaka ikaunguza gasketi ya silinda hedi. Kilichoniuma sio hela tu, mshale wa temperecha ulikuwa umetulia katikati kama siku zote halafu ukaanza kushuka nikajua gari inapoa, kumbe maji yameisha. Ile sensa inapima maji yanayoigusa, yakiondoka inabaki kwenye hewa na inakupa taarifa ya uongo huku injini inaungua.

Basi nikataka kitu kinipigie kelele maji yakishuka kwenye kichupa cha rejeta, kile kinachoweka maji ya akiba. Nikaenda Kariakoo duka la vifaa vya elektroniki, nikachukua swichi ndogo ya boya ya plastiki elfu nane (boya linaelea, maji yakishuka linashuka nayo na swichi inaunga umeme) na baza, yaani kengele ndogo ya umeme, ya volti 12 elfu mbili. Dogo wa dukani nampa sifa zake, aliunga na betri pale pale juu ya kaunta, akanyanyua boya kwa kidole kimya, akaliachia ikapiga kelele, na akanionyesha kwamba ukilichomoa boya ukaligeuza chini juu linafanya kazi kinyume. Hilo kwenye pakiti halijaandikwa popote.

Kufunga ni kazi ya saa moja na nusu. Nilitoboa mfuniko wa kichupa, swichi ikaning'inia kwa kipaipu cha plastiki hadi boya likakaa chini kidogo ya mstari wa chini, nikaziba na silikoni ya joto ila kile kitundu cha kupumulia usikizibe, kichupa lazima kipumue ndio maji yarudi kwenye rejeta gari ikipoa. Umeme nimetoa kwenye waya unaowaka na swichi ya gari, fyuzi ya ampea moja, baza, swichi ya boya, halafu bodi ya gari (hasi). Basi. Msiunge honi moja kwa moja hapo, ndani ya boya kuna kiswichi kidogo cha sumaku, umeme mkubwa utakiunguza, honi inataka rilei, yaani swichi ya umeme inayobeba umeme mkubwa kwa niaba ya swichi ndogo.

Miezi saba sasa. Mara ya kwanza kulia kwa kweli ilikuwa asubuhi natoka nyumbani, nikafungua boneti kichupa kimeshuka, kumwonyesha fundi akakuta pampu ya maji inavujia taratibu. Pampu ikabadilishwa, injini salama, na hapo hela yangu ilisharudi mara nyingi sana.

Ila lazima niseme ukweli, maana kuna mtu atafunga hii alafu aache kukagua maji. Mwezi uliopita hosi ya chini ilipasuka na baza HAIKULIA. Nimeona moshi tu. Kichupa kilikuwa kimejaa vizuri kabisa, kwa sababu hosi ikipasuka rejeta inavuta hewa pale kwenye ufa badala ya kuvuta maji ya akiba. Kwahiyo hii inakamata uvujaji wa polepole, ule wa ghafla haiukamati, na kwenye rejeta yenyewe usiiweke, kule kuna presha na maji yanapita digrii 90, plastiki hii sio ya huko. Kwa rejeta inatakiwa ncha ya chuma kwenye hosi ya juu na kisakiti cha transista, hicho ndio naanza kutengeneza.

Mengine madogo, kwenye matuta na rafu rodi inalia kidogo maji yakicheza, na waya ukikatika hutajua maana inakaa kimya tu, mimi kila Jumapili natoa mfuniko nione kama inalia. Wanaotumia maji ya bomba bila kulanti (dawa ya rejeta inayozuia kutu), kutu itakwamisha boya, lisafisheni.

Naipa nyota nne. Nyingine nimeshamnunulia baba mkwe, ana Mark II ya 1996 na anasafiri nayo Mbeya kila mwezi.