"Happy Sad" ya Tim Buckley: usiisikilize kwa spika ya simu

Hamjambo watazamaji, na nyinyi wa ng'ambo ya feri pia. Leo twaichambua "Happy Sad", albamu ya 3 ya Tim Buckley, mwimbaji wa folki (nyimbo za kienyeji za gitaa) wa Marekani, iliyotoka 1969. Nyimbo ni 6 tu, lakini zajaza kama dakika 45.

Humu hamna drams. Kuna besi ya kusimama ya John Miller, konga (ngoma ndefu za kupigwa kwa mikono) za Carter Collins, gitaa la umeme la Lee Underwood na vibrafoni ya David Friedman: hiyo ni marimba ya chuma yenye vifeni ndani ya mabomba, vikizunguka sauti yatetemeka. Buckley mwenyewe ana gitaa la nyuzi 12. Sasa, bila drams, anayeshika mwendo ni besi. Spika ya simu haitoi besi, kwa hivyo wimbo waelea tu, waona kama wapigaji wamepotezana. Vaa hedfoni.

"Strange Feelin'" imeegemea "All Blues" ya 1959 ya Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi. Hesabu 1-2-3, 4-5-6. Ndiyo mapigo ya chakacha hayo, ila yametulizwa mno, hakuna kiuno kitakachokatika hapa.

Wanunuzi wa santuri, nisikilizeni. Upande wa kwanza una dakika kama 24, na umalizika kwa "Love from Room 109", wimbo wa pole wa karibu dakika 11, karibu kabisa na lebo ya katikati. Huko ndani mifereji yapinda zaidi, sindano yataabika, na mikwaruzo haina pa kujificha. Mwambie muuzaji akuwekee sindano pale, si mwanzoni. Ule uvumi wa mawimbi ya bahari umo kwenye wimbo, usimlaumu mtu. Lakini "tak-tak" ni vumbi au kuvu, na kwa unyevu wetu huu kuvu haikosi. Futa, kisha isimamishe rafuni; ukiilaza chini ya nyingine kwenye joto, itapinda.

"Gypsy Woman", dakika 12, yanichosha. Konga zaenda, sauti yapanda, nusu yake ingetosha. Najua wapo watakaokasirika.

Kama folki ya jazi ni ngeni kwako, anza na ule wa mwisho, "Sing a Song for You", haufiki dakika 3. Kisha "Buzzin' Fly". "Dream Letter" iache mpaka usiku, tuktuk zikishapungua.